Picha ya hadubini ya ncha ina kasoro: kutafuta chanzo, dalili kwa dalili

Hadubini ya ncha hupapasa sampuli kwa sindano ndogo sana, kisha kompyuta inageuza mienendo ya sindano hiyo kuwa picha. Kwa hiyo chochote kinachotikisa sindano, kuchafua ncha yake au kupotosha skana (sehemu inayosogeza ncha au sampuli) kitaingia kwenye picha kikiwa kimevaa sura ya sampuli. Mwongozo huu unahusu zaidi AFM, yaani hadubini ya nguvu za atomu, yenye kantileva (kijiti chembamba kinachobeba ncha), leza inayomulika mgongo wake na fotodayodi inayopokea mwanga unaoakisiwa. Mwishoni kuna sehemu fupi ya STM, inayotumia mkondo wa elektroni zinazopenya pengo kati ya ncha na sampuli. Mazingira tunayoyafikiria ni ya Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kiangazi kikavu kuanzia Mei hadi Septemba, mvua nyingi kuanzia Novemba hadi Machi, umeme wa SNEL (shirika la umeme la taifa) unaokatika bila taarifa, malori ya madini yanayotikisa barabara, na sampuli ambazo mara nyingi ni malakiti, heterojeniti au kalkopiriti, yaani madini ya shaba na kobalti.

Swali la kwanza mbele ya picha mbaya ni hili: kasoro inafuata nini? Sura peke yake hudanganya. Mistari ya umeme wa hezi 50 inaweza kufanana kabisa na safu za molekuli zilizojipanga. Lakini kelele ya umeme hufuata saa, kasoro ya ncha hufuata ncha, kasoro ya skana hufuata skana, na umbo la kweli halibanduki kwenye sampuli.

Majaribio ya kufanya kabla ya kubadilisha kifaa

Badilisha jambo moja tu kwa kila picha, na uhifadhi kila picha hata kama ni mbovu.

Anza na kasi. Piga picha kwa mstari mmoja kwa sekunde, kisha mahali palepale kwa mistari miwili. Mawimbi yakitanuka maradufu, ni kelele inayoenda na muda. Yakibaki na upana uleule, yapo kwenye sampuli au kwenye ncha, au ni mwanga wa leza utakaoelezwa chini.

Kisha ukubwa. Punguza upana wa picha hadi nusu bila kugusa idadi ya mistari kwa sekunde. Umbo la kweli litaonekana limekua mara mbili kwenye skrini. Mawimbi ya kelele yatabaki idadi ileile kwa kila mstari.

Jaribio la pembe ndilo linalowachanganya wengi. Kugeuza pembe ya skani kwenye programu kwa digrii 90 hakuigeuzi ncha juu ya sampuli, kunabadilisha tu njia inayopita. Kelele, michirizi na makosa ya fidibeki (mfumo unaoipandisha na kuishusha ncha ifuate sampuli) yatabaki yamelala kwenye mhimili wa haraka wa picha, yaani upande ambao ncha inakwenda na kurudi kwa kila mstari. Umbo la kweli litageuka, lakini umbo la uongo linalotokana na ncha iliyovunjika litageuka pamoja nalo. Ili kuyatenganisha hayo mawili ni lazima uinue ncha, ugeuze sampuli yenyewe kwa mkono chini ya kantileva, kisha uteremke tena. Safari hii cha kweli kinageuka, cha ncha kinabaki kilivyokuwa. Anayetangaza kwamba ncha yake ni nzima kwa sababu tu aligeuza pembe kwenye programu hajapima kitu.

Mwisho linganisha mstari wa kwenda na wa kurudi. Kilima kilichopo kweli huonekana kwenye picha zote mbili, kikiwa kimesogea kidogo kwa sababu piezo, nyenzo inayojinyoosha kwa volti na kuendesha skana, hairudi kwa njia ileile iliyoendea. Mkia unaoonekana kulia kwenye picha ya kwenda na kushoto kwenye picha ya kurudi ni fidibeki iliyochelewa.

Dalili: mawimbi yaliyopangika vizuri kupita kiasi

Upana wa wimbi ni kasi ya ncha ikigawanywa kwa masafa ya kelele. Picha ya mikromita 1 kwa mstari mmoja kwa sekunde ina maana ncha inakwenda mikromita 1 na kurudi mikromita 1 ndani ya sekunde hiyo, yaani nm (nanomita) 2,000 kwa sekunde. Kelele ya hezi 50 itaacha mawimbi ya nm 40, ya hezi 100 yatakuwa ya nm 20. Hesabu ikiangukia hapo, acha sampuli ipumzike na utafute umeme.

Inua ncha iwe mbali na sampuli huku leza ikiwaka, kisha tazama spektra ya ishara ya fotodayodi, yaani grafu ya nguvu ya ishara kwa kila masafa. Mlima wa hezi 50 ukibaki wakati ncha iko hewani, chanzo ni umeme au mwanga, kwa kuwa mtikisiko wa sakafu kwa kawaida huonekana pale tu ncha inapogusa. Zima taa za chumba: hezi 100 ikipotea, ilikuwa taa ya mirija au ya LED inayomulika fotodayodi. Ikibaki, zima leza. Kelele inayobaki hata leza ikiwa imezimwa iko ndani ya elektroniki, nyaya au ardhi ya umeme.

Ardhi ya umeme ina tabia mbaya hapa kwetu: fimbo iliyochomekwa wakati wa mvua na kupimwa vizuri inaweza kuwa karibu haina kazi ifikapo Agosti, kwa sababu udongo mkavu hupitisha umeme vibaya. Weka multimita kwenye volti za AC, pima kati ya nyutro na ardhi kwenye soketi ya hadubini. Volti 1 au chini yake ni nzuri. Volti kadhaa ni dalili ya ardhi mbovu au nyutro iliyolemewa. Mwagilia maji mahali fimbo ilipo, upime tena. Kipimo kikishuka, umeshapata mgonjwa wako, na tiba ya kudumu ni fimbo ndefu zaidi au fimbo mbili tatu zilizounganishwa. Vilevile chomeka kidhibiti, kompyuta na skrini kwenye ukanda mmoja wa soketi. Ardhi mbili tofauti hutengeneza kitanzi, na kitanzi hicho huokota hezi 50 kutoka kila waya ulio jirani.

UPS za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi-ngazi badala ya wimbi laini la sini. Kompyuta haijali, lakini vikuza-ishara vya hadubini vinajali. Chomoa UPS ukutani kwa dakika moja uone spektra inavyobadilika ikiwa kwenye betri. Kelele ikiongezeka ghafla kwenye hezi 50, 100, 150 na kuendelea, UPS hiyo haifai kwa kazi hii. Nunua inayotoa sini safi, ikiwezekana ile inayopitisha umeme kwenye betri muda wote, kwa sababu hiyo hukinga pia dhidi ya jenereta inayoyumba.

Mawimbi yasiyoangukia 50 wala 100 mara nyingi ni mtikisiko. Sakafu na kuta za majengo hutikisika kwenye hezi 10 hadi 30 hivi, na lori lililobeba madini huzichochea vizuri sana. Meza ya hewa ikikosekana, ning'iniza ubao wa jiwe wa kilo 20 au 30 kwa mipira minne ile ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, na uweke hadubini juu yake. Kinachoamua masafa ya kuning'inia ni urefu ambao mipira imenyooka kwa uzito: kunyooka kwa sentimita 25 kunaleta karibu hezi 1, kwa sentimita 6 karibu hezi 2. Ukiwa na hezi 1, mtikisiko wa hezi 10 unafika kwenye hadubini ukiwa umepungua karibu mara mia. Nyaya za kichwa cha hadubini zining'inie kwa kitanzi kilicholegea, maana waya mnene uliokazwa huupitisha mtikisiko wote ulioukwepa kwa jiwe. Mipira hulegea na kupasuka kadiri inavyozeeka, kwa hiyo ubao ukianza kushuka au kuinama upande mmoja, badilisha yote minne kwa pamoja. Kwa sauti na upepo, sanduku zito la mbao lenye sponji nene ndani linatosha, na kipoza hewa kizimwe wakati wa kupiga picha.

Kuna wimbi la aina ya tatu, pana na la upole, linaloonekana kwenye picha kubwa za sampuli zinazong'aa kama dhahabu au kalkopiriti iliyosuguliwa. Upana wake huwa mikromita 1.5 hadi 2.5 na halibadiliki hata ukibadilisha kasi ya skani. Ni leza: sehemu ya mwanga inayopita pembeni mwa kantileva inaakisiwa na sampuli na kukutana na ile iliyoakisiwa na kantileva. Ukichora mkunjo wa nguvu (grafu ya nguvu dhidi ya umbali) utaliona pia kwenye sehemu ambayo ncha iko hewani, likijirudia kila nusu ya urefu wa wimbi la leza, yaani nm 335 kwa leza nyekundu ya nm 670. Sogeza doa la leza likae katikati ya upana wa kantileva, au inamisha sampuli kidogo. Kantileva yenye mpako wa alumini mgongoni husaidia zaidi.

Dalili: ncha inadai imefika kabla haijafika

Programu inasema tayari, picha inatoka laini isiyo na kitu, na skana ya wima imetulia. Chora mkunjo wa amplitudi (ukubwa wa mtikisiko wa kantileva) dhidi ya umbali. Ncha inayogonga kweli huonyesha amplitudi inayoshuka kwa mstari mnyoofu uliosimama. Ncha iliyodanganywa huonyesha mteremko mpole usioisha.

Wakati wa kiangazi chanzo cha kawaida ni umeme tuli. Maika (madini ya matabaka yanayotumika kama sakafu bapa ya sampuli) iliyobanduliwa sasa hivi kwenye hewa kavu ina chaji nyingi, na kantileva laini ya 0.1 N/m hupinda kabla haijaikaribia. Acha maika itulie kwa dakika chache kabla ya kuanza, unganisha bamba la sampuli na ardhi, weka bakuli la maji ndani ya sanduku la hadubini ili unyevu upande, au tumia kantileva ngumu zaidi. Chanzo cha pili ni hewa inayobanwa kati ya kantileva na sampuli. Amplitudi huanza kushuka ncha ikiwa bado mikromita kadhaa juu, na programu inafikiri imegusa. Tafuta upya masafa ya mwangwi (yale ambayo kantileva hutikisika zaidi) ukiwa karibu na sampuli, kisha teremka kwa kiwango lengwa, yaani amplitudi ambayo fidibeki hujaribu kuitunza, cha chini kidogo.

Msimu wa mvua huleta kinyume chake. Tabaka la maji juu ya sampuli linaishika ncha, na kuinasua hewani kunahitaji nguvu ya makumi ya nanonyutoni. Kwenye hali ya kugonga, ambapo kantileva inatikisika na ncha inagusa kwa vipigo, kantileva yenye amplitudi ndogo hunaswa kabisa. Tumia kantileva ya 40 N/m yenye mwangwi wa karibu kHz 300, uipe amplitudi huru (ya ncha ikiwa hewani) ya nm 20 hadi 50, na uweke silika jeli iliyokaushwa ndani ya sanduku usiku kucha kabla ya kazi.

Dalili: kila kitu kina pacha

Chembe zote zina kivuli cha pili, umbali uleule, upande uleule. Au zote ni pembetatu zinazoelekea upande mmoja. Hakuna sampuli yenye nidhamu ya namna hiyo. Ncha ina vilele viwili, au imevunjika na sasa kila chembe kali ya sampuli inaichora ncha badala ya kuchorwa nayo. Hakikisha kwa kugeuza sampuli kwa mkono kama ilivyoelezwa juu.

Ncha ya silikoni iliyovunjika haitengenezeki. Ikiwa imechafuka tu, dakika 10 hadi 20 chini ya taa ya UV yenye ozoni zinaweza kuisafisha. Tafuta pia sababu, usije ukavunja nyingine: ncha mpya ikifa mara tu inapoteremka, kasi ya kuteremka ni kubwa au kiwango lengwa ni kikali. Ikifa taratibu katikati ya picha, sampuli ina chembe zilizolegea au tabaka laini linalonata. Na ikiwa ncha mpya kutoka kwenye kisanduku ina uchafu tayari, lishuku jeli la kisanduku chenyewe. Majeli hayo huacha mafuta ya silikoni kwenye vipande vilivyokaa muda mrefu, hasa penye joto.

Kubadilisha kantileva kwenyewe kunaua ncha nyingi kuliko kupiga picha. Kipande cha silikoni ni mm 1.6 kwa 3.4, kantileva iliyo ukingoni mwake ina urefu wa mikromita 125 na unene wa 4 hivi. Shika kipande kwa ubavu mrefu, kibano kikiwa nyuma ya katikati, mbali na ukingo wenye kantileva. Kwanza kiinamishe ili kiachane na jeli upande mmoja, kisha kinyanyue. Ukikivuta moja kwa moja juu kitaruka. Kiangazi kipande huruka hata bila kosa lako, kwa umeme tuli kati ya kibano na mfuniko wa plastiki. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kufungua kisanduku, tumia kibano cha chuma kisicho na sumaku, na fanya kazi juu ya karatasi nyeupe ili kikianguka ukione.

Hata ncha nzima hutanua vitu. Chembe ya mviringo yenye nusu kipenyo r, ikipapaswa na ncha yenye nusu kipenyo R, huonekana na upana wa karibu mara 4 ya kipeuo cha pili cha R × r. Kwa R ya nm 10 na chembe ya kipenyo cha nm 5, upana kwenye picha ni nm 20. Urefu wa wima hubaki wa kuaminika zaidi, kwa hiyo ukubwa wa chembe upimwe kwa kimo. DNA ina kipenyo cha nm 2, lakini hewani juu ya maika kwa kawaida huonekana na kimo cha nm 0.5 hadi 1 na upana wa zaidi ya nm 10. Upana unatoka kwa ncha. Kimo kilichopungua kinatoka kwa ncha inayobonyeza na kwa chumvi iliyokauka pembeni mwa molekuli.

Dalili: picha imelala au inateleza

Duara limekuwa yai, mstari mnyoofu umepinda mwanzoni mwa picha. Piga picha mbili mfululizo zote za kutoka juu kwenda chini, chagua chembe moja, pima imesogea nm ngapi, gawa kwa dakika zilizopita kati yao. Kama kasi ni ileile saa nzima, ni joto. Kama ilikuwa kubwa na inapungua haraka baada ya wewe kuhamisha eneo la picha, ni mtambao wa piezo, ambayo huendelea kujinyoosha taratibu baada ya kupewa volti mpya. Kwa mtambao, subiri dakika tano hadi kumi huku skana ikiendelea kupita eneo lilelile, na hama kwa skurubu za meza badala ya piezo.

Kuhusu joto, hesabu inatisha kidogo: sentimita 1 ya alumini ikipata joto la nyuzi 0.1 tu hurefuka nm 23. Usiku wa Juni na Julai chumba kinapoa sana, mchana jua linakipasha, na kipoza hewa kinachowaka na kuzima huongeza wimbi lake mwenyewe. Washa leza na kidhibiti saa moja kabla. Funga sanduku na uache lifungwe. Saa nzuri za picha ndogo ni usiku wa manane, joto likibadilika polepole na malori yakiwa machache. Gundi ya utepe inayotambaa pia hufanana na joto: sampuli ya jiwe iliyobandikwa kwa utepe wa pande mbili huzama taratibu kwa saa kadhaa. Tone dogo la rangi ya kucha au epoksi, lililoachwa likauke kabisa, linashika vizuri zaidi.

Dalili: mikia, kingo zilizofifia, au mngurumo kwenye miteremko

Hii ni fidibeki. Geni, yaani ukali ambao fidibeki hujibu nao, ikiwa ndogo mno huacha mikia. Geni kubwa mno hutoa mawimbi madogo ya haraka, hasa ncha inapopanda mteremko, na yanabadilika mara unapoigusa geni. Anza na mikromita 5, mstari mmoja kwa sekunde, nukta 512 kwa mistari 512, picha itachukua dakika 8 na nusu. Weka kiwango lengwa kwenye asilimia 80 ya amplitudi huru. Pandisha geni ya intigrali mpaka mngurumo uanze, ishushe kwa theluthi moja, ndipo uongeze ile ya uwiano.

Mkia unaokuja tu baada ya chembe ndefu, upande wa kushukia, huku geni ikiwa nzuri, ni ncha inayoelea hewani. Imeruka kutoka kwenye chembe na bado haijapata ardhi, na amplitudi imefika ukomo wake, hivyo fidibeki haijui iko mbali kiasi gani. Kuongeza geni hakusaidii sana hapa. Punguza kasi, au shusha kiwango lengwa hadi asilimia 70.

Rangi za picha ya fezi (picha ya jinsi mtikisiko wa kantileva unavyochelewa) zikigeuka ghafla katikati ya mstari bila kimo kubadilika sana, ncha imeruka kutoka eneo la mvuto kwenda eneo la msukumano. Usizitafsiri kama madini mawili tofauti. Ongeza amplitudi huru kidogo ili ibaki upande wa msukumano, au ipunguze ibaki upande wa mvuto, kisha piga upya.

Dalili: chembe zinazohama, au zinazotoweka

Michirizi mifupi kwenye mhimili wa haraka, chembe zilizokatwa nusu: ncha inazisukuma. DNA haishiki kwenye maika tupu kwa sababu zote mbili zina chaji hasi. Changanya mmumunyo wa DNA na milimola 5 hadi 10 kwa lita za kloridi ya nikeli au ya magnesi, weka mikrolita 10 hadi 20 kwenye maika mpya kwa dakika chache, suuza kwa maji safi, kausha. Nikeli hushika kwa nguvu zaidi.

Zantati, zile molekuli za kukusanyia madini kwenye mitambo ya kuelesha, huleta tatizo la aina hii pia. Juu ya kalkopiriti hukaa kwa mabaka, na sehemu iliyogeuka dizantojeni ni mafuta. Ukipita kwa hali ya kugusa unayafagia, na picha ya pili ya eneo kubwa zaidi itaonyesha mraba msafi mahali ulipopita. Mraba huo ni ushahidi mzuri kwamba tabaka lilikuwepo na ni laini. Ukingo wake hukupa hata unene. Lakini kwa picha ya mabaka yenyewe tumia hali ya kugonga kwa nguvu ndogo.

Dalili: chembe nzuri sana, na hazikutoka kwenye jiwe

Malakiti ni laini, ugumu wa 3.5 hadi 4 kwa kipimo cha Mohs, na asidi huiyeyusha kwa mapovu ya kaboni dayoksaidi, kwa hiyo isisafishwe kwa asidi hata dhaifu. Watu huimalizia kwa silika ya koloidi, na hapo ndipo mtego ulipo. Chembe za silika hiyo ni mviringo, zinalingana, karibu nm 50, na zinapokauka haziondoki. Ukiona vitufe vya kimo kimoja vimejazana kwenye mikwaruzo na mashimo, umepiga picha ya dawa ya kusugulia. Suuza sampuli kwa maji mengi kabla haijakauka, kwa kitambaa kinachozunguka, dakika moja nzima.

Maji nayo yapimwe. Maji ya betri yanayouzwa mjini hayatoshi bila kuthibitishwa. Weka tone la mikrolita 10 kwenye maika mpya, likauke chini ya kifuniko, upige picha katikati na ukingoni. Pete ya chembe au ya fuwele ina maana kila sampuli uliyosuuza kwa maji hayo imebeba pete hiyohiyo. Kompresa isiyo na kichujio hupulizia mafuta. Pampu ndogo ya mpira ya kukandamiza kwa mkono ni salama zaidi.

Ndani ya maji, juu ya grafiti au sehemu yoyote isiyopenda maji, vinaweza kutokea vibonge bapa vyenye kimo cha makumi ya nm. Vinaweza kuwa viputo vya gesi, hasa ukibadilisha ethanoli kwa maji. Vinaweza pia kuwa matone ya mafuta ya silikoni kutoka kwenye sindano za hospitali za kutumia mara moja, ambazo hupakwa mafuta hayo ili zipenye kirahisi. Badilisha maji kwa yaliyotolewa gesi: yachemshe, yapoe kwenye chupa ya kioo iliyojaa hadi kwenye kizibo, uyatumie siku hiyohiyo. Viputo vya gesi vitanywea, mafuta yatabaki. Njia rahisi ni kutotumia sindano hizo kabisa na kuchukua pipeti ya kioo iliyosafishwa.

Dalili: sakafu imepinda kama bakuli, na vivuli vyeusi kando ya chembe

Skana ya mrija huzunguka kwa tao, kwa hiyo picha za makumi ya mikromita hupinda. Ondoa mkunjo wa daraja la pili kwa programu. Vivuli vyeusi pande mbili za chembe ndefu, kwenye mhimili wa haraka, ni kazi ya programu hiyo: ilipoisawazisha mistari ilizihesabu chembe kama sakafu. Zifunike kwanza ndani ya programu, kisha sawazisha. Vipimo vya wima vihakikishwe kwa kitu kinachojulikana: ngazi moja ya grafiti ni nm 0.335, ya maika nm 1.0.

STM: mkondo hautulii, atomu hazionekani

STM inahitaji sampuli inayopitisha umeme, kwa hiyo malakiti iachwe kwa AFM. Kalkopiriti na grafiti zinafaa. Mkondo hubadilika karibu mara kumi kwa kila nm 0.1 ya umbali, ndiyo maana kila kilichosemwa juu kuhusu mtikisiko na hezi 50 kinauma zaidi hapa. Anza na grafiti, mV 50 na nA 1, picha ya nm 5, kasi ya mistari 10 hadi 20 kwa sekunde. Atomu zionekane kwa nafasi ya nm 0.246. Zisipoonekana, kata upya waya wa platini-iridi wa mm 0.25: koleo lenye makali, limeinamishwa, ukivuta huku ukikata ili waya uchanike mwishoni. Usiiguse ncha wala usiifute. Mipigo mikali ya mkondo bila mpangilio humaanisha uchafu kwenye ncha. Pandisha volti hadi 3 au 4 kwa sehemu ya sekunde, na ukishindwa kata tena. Bandua tabaka la juu la grafiti kwa utepe kila siku ya kazi.

Mistari mirefu iliyosokotwa juu ya grafiti isikufanye uandike neno DNA. Mwaka 1991 Clemmer na Beebe walionyesha kwamba grafiti tupu, isiyo na molekuli yoyote juu yake, hutoa maumbo ya namna hiyo kwenye kingo na nyufa zake. Piga picha ya grafiti kabla ya kuweka molekuli, eneo pana na kingo kadhaa, na uihifadhi pamoja na picha za sampuli yenyewe. Ruwaza ya nukta kubwa zilizopangika kwa pembe sita, nafasi ya nm kadhaa, nayo hutokana na tabaka la juu kuwa limezungushwa kidogo juu ya lile la chini. Ibandue hiyo, na kama inatoweka pamoja na tabaka, haikuwa molekuli.